Vifaranga Hamsini wa Lupoto

Kisa hiki nawaachia nyinyi mnaonisikiliza, maana mimi kimenishinda kukiamua.

Kijijini Lupoto, kwenye mvua nyingi za Rungwe, palikuwa na mjane aliyeitwa Tusekile. Kipawa chake kilikuwa macho: kuku akibadili hatua moja tu, yeye ameshaona. Lwitiko, bwana mifugo wa hapo, alijaliwa mikono. Alichanja kuku mia asubuhi moja bila wao kuhangaika. Wa tatu, binti aitwaye Anyitike, alizaliwa Lupoto akaenda kufanya kazi maabara mjini. Yeye alisoma vinasaba vya virusi kama mtu anavyosoma barua ya ndugu yake.

Mwaka huo kuku walianza kukohoa damu. Walinyoosha shingo kutafuta hewa, wakafa, ilhali wote walikuwa wamechanjwa. Katika wiki tatu mabanda thelathini yalibaki matupu. Kwa Tusekile walipona kumi na mmoja, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi.

Tusekile aliwatazama kuku wake siku nzima, kisha akaenda kwa Lwitiko.

"Hawa hawajapona, mwanangu. Pumzi zao zinakwama. Nadhani ugonjwa umejificha ndani yao."

"Ili nijue, Mama, lazima niwachinje wote, maana sijui umejificha kwa yupi."

"Ndio walionibakia." Akageuka kuelekea bandani kwake. "Chinja."

Lwitiko aliwapasua, akachukua ute wa makoo na vipande vya mishipa ya fahamu, akavifunga kwenye barafu. Daraja lilikuwa limesombwa, hivyo alitembea siku mbili kwenda mjini na kisanduku begani. Njia nzima aliogopa kitakachoonekana humo. Mwaka uliotangulia chanjo ilimwishia katikati ya kazi, akamalizia na ya aina nyingine katika mabanda yaleyale. Hakumwambia mtu. Mto ulikuwa pale, angeweza kukitupa kisanduku. Alikifikisha.

Anyitike alisoma kirusi kile mwanzo hadi mwisho, akakilinganisha na vya wilaya nyingine. Hakikufanana na hata kimoja. Wenzake wakasema sampuli imeharibika, itupwe. Alirudia mara nne, mwishowe akakilinganisha na chanjo zenyewe. Kipande cha mwanzo kilikuwa cha chanjo moja, kilichobaki cha nyingine. Virusi viwili dhaifu, vya chanjo hizo, vilikutana ndani ya kuku mmoja, vikazaa muuaji. Akampigia Lwitiko simu.

"Kaka, nani alichanganya chanjo?"

"Mimi."

"Nikiandika hivyo utafukuzwa kazi."

"Andika."

Amri ikaja: kuku wote waliosalia Lupoto wachinjwe na kuzikwa. Vijiji jirani vikanusurika. Lwitiko alifukuzwa. Tusekile alibaki na banda tupu, na wapo wasiomsalimia hadi leo, wakisema ndiye aliyeanzisha uchunguzi uliowamalizia kuku. Mama yake Anyitike, aliyetegemea kuku tu, alilala njaa kwa sababu ya ripoti ya binti yake, na hajapokea simu yake tena.

Miezi sita baadaye chama cha wafugaji kililetewa vifaranga hamsini wazima, wa kumpa mtu mmoja aliyeuzuia ugonjwa. Sharti lilikuwa wasigawanywe.

"Wapewe mjane," alisema mwenyekiti. "Alitoa vyote alivyokuwa navyo."

"Bila Lwitiko sampuli zisingefika popote," alijibu mwingine.

"Lwitiko ndiye aliyetuua."

"Na ndiye aliyejitaja. Lakini bila Anyitike, tungekuwa tumeshamfukuza mjane na ugonjwa ungekuwa bado hapa."

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Vifaranga wamo kwenye boksi, wanalia kwa baridi. Wewe ungemkabidhi nani?