Siku Umma Ulipokuja na Mikeka

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa wakifunga milango kwa komeo na kugombana na majirani kwa ajili ya moshi wa jikoni, palikuwa na kilima kikiitwa Mawe Saba. Sogeeni, sogeeni! Na wewe unayecheka kabla sijaanza, ngoja, utacheka mpaka mbavu ziume.

Kilimani hapo aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kanyama kadogo, mkia hana, masikio mafupi, lakini mdomo! Mdomo wake ulikuwa ukiamka kabla ya jogoo. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili katikati ya mawe, watoto watatu, na mbele ya mlango chemchemi ya maji baridi yasiyokauka hata kiangazi. Majirani wote walichota hapo. Pimbi alizaliwa katika nyumba ile, na mama yake alizaliwa humo humo.

Asubuhi moja alikuwa anakaanga maandazi, akasikia ko! ko! ko!

"Nani?"

"Serikali!"

Akafungua. Alikuwa Fisi, karani wa ardhi wa Mfalme Simba, na kopo la rangi nyekundu mkononi. Hata salamu hakutoa. Akachovya brashi, fyaa! fyaa! Akachora X kubwa ukutani.

"We! Bwana karani! Unanichafulia ukuta!"

"Ukuta gani? Nyumba yenye X inabomolewa. Una siku saba. Ardhi hii imechukuliwa kwa manufaa ya umma."

Pimbi akasahau maandazi yake, yakaungua. "Inachukuliwa? Kwani nani ameiuza?"

"Haiuzwi, inachukuliwa. Panajengwa hoteli. Mjenzi ni Bwana Kiboko."

"Hoteli ya Kiboko?"

"Ya umma! Soma tangazo, lina muhuri."

"Na mimi si umma?"

Fisi akacheka, he! he! he! "Wewe ni mmoja, mama. Umma ni wengi. Hukusoma shule?"

Wakati huo jirani yake, Mzee Kobe, alikuwa anapita taratibu na kikapu cha mchicha. Fisi akamgeukia. "Na wewe mzee, nyumba yako iko wapi?"

Kobe akajichekea, maskini. "Mimi sina shida na serikali, mwanangu. Nyumba yangu hii hapa, mgongoni."

Fyaa! fyaa!

"Yaa salaam! Karani! Huu ni mgongo wangu!"

"Ni nyumba au si nyumba?"

"Ni nyumba, lakini..."

"Basi ina X. Sheria haichagui." Akabeba kopo lake akaenda zake.

Kobe akaketi chini akalia kwa sauti. "Jirani, watanibomoa! Siku saba nitabomolewa nikiwa ndani!" Pimbi alitaka kumcheka, ila alipowatazama wanawe watatu mlangoni, akawakusanya kifuani. Wataenda wapi? Chini ya kilima ni mbuga tupu, na tai juu wanazunguka kutwa. Mtoto wa pimbi asiye na mwamba hamalizi wiki.

Basi akafunga kanga, akaenda kwa Mfalme kushtaki. Siku ya kwanza akaambiwa Mfalme amelala. Siku ya pili akaambiwa Mfalme anakula. Siku ya tatu akaambiwa amelala tena kwa sababu amekula! Msicheke, ofisi nyingine ndivyo zilivyo.

Siku ya nne alijibanza chini ya dirisha la Mfalme, akasikia sauti nzito ya Kiboko.

"Chumba cha juu, chenye upepo, ni chako, Mfalme wangu. Chemchemini nitalala mimi. Mtoni ndugu zangu wamejaa, kutwa kucha wananipiga viwiko."

"Na umma?" akauliza Simba huku akipiga miayo.

"Umma utatuangalia kwa mbali. Kuangalia nako ni manufaa."

Wakacheka, hoo! hoo! Dirisha likatetemeka.

Pimbi alihisi damu ikimchemka. Alitaka kuruka amng'ate Kiboko pua! Lakini meno yake na ile ngozi, wapi na wapi? Akarudi nyumbani anajisemea njia nzima: "Mimi ni mmoja. Umma ni wengi. Mimi ni mmoja. Umma ni wengi." Alipofika kwenye njia panda akasimama ghafla, akajipiga paji la uso, pa!

"Ala! Kumbe Fisi ameniambia mwenyewe!"

Akageuka mbio hadi mtoni kwa Kiboko.

"Shikamoo Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nilie nini? Nimekuja kukuokoa na aibu. Keshokutwa si unaweka jiwe la msingi?"

"Ndiyo. Nimeleta mpaka sofa la mgeni rasmi."

"Nani atapiga makofi?"

Kiboko akaacha kutafuna.

"Fikiria," akasema Pimbi. "Mfalme anasimama, anasema, 'Mradi huu ni wa umma!' Anatazama mbele. Anamwona Fisi peke yake, anajikuna sikio. Itakuwaje?"

"Lo! Hilo sikuliwaza kabisa!"

"Nipe lile baragumu la serikali ulilopewa kwa sherehe. Nitakuletea umma mpaka useme basi."

"Waje, wapige makofi, halafu waende zao!"

"Wapige makofi, nimesikia," akajibu Pimbi. Hayo ya kwenda zao hakuyajibu. Akalibeba baragumu, refu kuliko yeye mwenyewe, akaondoka analiburuza.

Ehe! Hapo sasa! Puuuu! Puuuu! Akapita mabonde, akapita vichaka.

"Wananchi ee! Kuna hoteli yenu Mawe Saba! Keshokutwa mapema! Njooni na mikeka mchague vyumba!"

Nyani akaning'inia juu ya tawi. "Hoteli yetu? Tangu lini sisi tukawa na hoteli?"

"Tangazo la serikali linasema ni ya umma, na lina muhuri. Mimi ni nani nibishane na muhuri?"

"Ina ndizi?"

"Hoteli gani isiyo na ndizi?"

Nyani akapiga mluzi kuwaita shemeji zake wote. Ngiri akauliza kama kuna matope, akaambiwa kuna chemchemi, na matope atajitengenezea mwenyewe. Mama Tembo akauliza kama milango ni mipana. "Hoteli haijajengwa bado, mama, nenda ukawaonyeshe upana wako!"

Mwisho Pimbi akafika kwa Siafu. Akasimama mbali kidogo, maana akili alikuwa nazo.

"Hata sisi?" wakauliza Siafu wote pamoja, shaaa. "Sisi hatualikwi popote. Tukifika watu hupanda juu ya meza."

"Mko wangapi?"

"Hatujui. Aliyeanza kutuhesabu alizeeka."

"Basi nyinyi ndio umma wenyewe! Mkose nini?"

Siku ikafika. Pale Mawe Saba mafundi wa Kiboko walikuwa wameshapiga vigingi na kufunga kamba, kila mraba wa kamba chumba kimoja. Chini ya turubai palikuwa na sofa jekundu, na nyuma yake masufuria ya pilau yanafuka moshi, ya wakubwa watatu tu. Fisi alizungukazunguka akinusa mifuniko. Mzee Kobe alijificha chini ya jiwe, kichwa ndani, miguu ndani, X nje.

Umma ukaanza kuingia. Walikuja mmoja mmoja, wakaja kumi kumi, kisha kilima kikafunikwa! Mikeka begani, mito kichwani, kuku na vifaranga, nungunungu na bibi yake, nyani na shemeji zake arobaini. Kiboko akafurahi mpaka mashavu yakacheza.

"Pimbi, wewe ni hodari! Umma wote huu!"

"Wengine wako njiani, bwana," akasema Pimbi.

Mfalme Simba akapanda juu ya jiwe. Akatikisa manyoya ya shingo. "Wananchi! Mradi huu ni wa nani?"

"Wa ummaaa!"

"Sisikii!"

"Wa ummaaa!" Pa pa pa pa pa! Makofi yakavuma mpaka ndege wakahama miti.

Pimbi akanyoosha mkono. "Mfalme, udumu! Swali dogo. Ni wetu hata sisi wadogo?"

Simba alikuwa ameshanogewa na makofi. "Hata wadogo! Hata yule asiyeonekana! Kila kilichomo hapa ni mali ya umma, nasema mimi Simba!"

"Wananchi, mmemsikia Mfalme? Karibuni kwenu!"

Uwiiii! Mngeona! Nyani waliruka kamba, kila mmoja na mraba wake. "Hapa changu! Hapa cha shemeji!" Nungunungu akatandika mkeka, bibi yake akavua viatu. Mama Tembo akajaribu chumba cha juu kileleni, chenye upepo, kamba zikakatika, pwa! pwa! pwa! "Chembamba hiki, mkiongeze!" Nguchiro na wanawe wakafunua pilau, na Fisi akabaki ameshika mfuniko mtupu.

"Makofi! Nilisema makofi tu!" Kiboko akanguruma. "Pimbi! Waambie waende zao!"

"Waende wapi, bwana? Wako kwao."

Chubwi! Ngiri alikuwa ameshajitosa chemchemini, akagaagaa, na maji yakawa kama uji wa ulezi. "Matamu kweli haya! Asante serikali!"

Kiboko akaona jicho linamtoka. Kitanda chake cha maji! Akavumilia. Alivumilia kweli, maana Mfalme alikuwa pale. Akajitupa kwenye sofa, akafumba macho, akashusha pumzi.

Shaaaa.

"Nini hicho?" akauliza.

"Wale waliokuwa njiani," akasema Pimbi.

Siafu walikuwa wamefika. Walipanda mguu wa sofa, wakapanda mguu wa Kiboko, wakaingia kwenye mikunjo ya tumbo kwa adabu kabisa, huku wanasema, "Samahani, tunatafuta chumba."

"Yalaaa! Yalaaa!" Kiboko akaruka juu. Nawaambia, kiboko mzima akaruka juu! Akatua kwenye sufuria. "Tokeni! Tokeni nyote kwenye mali yangu! Umma, umma, umma gani? Hii si ya umma, ni yangu! Yangu mimi! Mfalme tumempa chumba cha juu anyamaze, nyinyi nani kawapa kitu?"

Nyani akaacha kutafuna, Ngiri akatoa kichwa majini.

Pimbi akaweka mkono sikioni. "Mfalme, mimi masikio yangu mafupi. Bwana Kiboko amesema ni ya nani?"

Simba akakohoa. Akatazama kulia: tembo. Akatazama kushoto: nyani arobaini. Akatazama chini, akaona mstari mweusi unakuja taratibu kwenye kucha zake.

"Mfalme," wakasema Siafu, "sisi ni umma. Tunasubiri jibu, na hatuna haraka."

"Mimi..." Simba akameza mate. "Mimi nimedanganywa!"

Mh! Wakubwa wakinaswa husema wamedanganywa. Umma ukaguna, lakini Pimbi hakutaka kubishana naye juu ya hilo, kwa kuwa alikuja kudai nyumba na si kudai toba. "Sasa umeujua ukweli, Mfalme. Sema basi, tusikie."

"Ardhi ya Mawe Saba ni ya wenyewe," akasema Simba haraka haraka, huku anainua mguu mmoja, kisha wa pili. "Leo hii! Sasa hivi! Fisi, futa X zote! Siafu, tafadhali, naomba nishuke."

Vigelegele hapo! Pimbi akawakumbatia wanawe watatu akalia machozi bila kuona haya. Ngiri akacheza ngoma na matope yake. Fisi akapewa ndoo na dodoki, akasugua ukuta, kisha akasugua mgongo wa Kobe, kwichi kwichi, jua linamuunguza.

"Chini kidogo, mwanangu," akasema Mzee Kobe, ametoa kichwa nje anatabasamu. "Hapo. Panawasha tangu mwaka juzi."

Na Kiboko? Alikuwa amekaa chini ya kilima, amevimba kila mahali, anajipulizia. Watu walipotawanyika, Pimbi akateremka na mtungi wa maji mapya, yaliyotuama baada ya Ngiri kutoka. Akammiminia mgongoni polepole.

Kiboko akamtazama, haelewi. "Unanipa maji? Mimi?"

"Chemchemi hii haijamnyima mtu tangu enzi za mama yangu. Ungekuja ukasema, 'Jirani, mtoni kumebanana, naomba nijimwagie,' ningekutandikia na mkeka."

Kiboko akainuka akaenda mtoni kwa ndugu zake, na njia nzima hakugeuka nyuma kwa aibu.

Basi wanangu, anayechukua cha watu kwa jina la umma, ajue umma una miguu na utakuja.