Msumari wa Bwana Mbelwa

Fyuzi ikiungua, gari haliungui. Bi Namweri aliyasema hayo asubuhi penye daraja, na vijana wa lori la mbao wakacheka. Walikuwa wamemaliza kumtukana Shehoza, mlinzi wa daraja, aliyefunga kizuizi akalikataa lori lao kwa kuwa mhimili mmoja wa daraja umepasuka. Walimwita mwoga, mzee wa kuchelewesha watu. Dereva wao akamuuliza yule bibi muuza uji, fyuzi na daraja wapi na wapi? Bi Namweri aliweka upawa chini. Neno hilo, akawaambia, lilizaliwa hapa hapa Korogwe, na aliyelizalisha ni msumari.

Alikuwepo fundi wa umeme wa magari, Hiza Mhando, mwenye kibanda karibu na stesheni. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kazi yake aliionea fahari, na fahari hiyo aliitolea jasho. Siku moja Bwana Mbelwa, aliyekuwa akipiga muziki wa harusi kwa pikapu yake, alimletea amplifaya na spika mbili kubwa za besi. Hiza alishinda nazo siku mbili. Alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na shubiri moja tu kutoka hapo akaweka fyuzi, maana waya usio na fyuzi, alisema, ni moto uliolala. Pale waya ulipopenya kwenye bati aliuvisha mpira, ukingo wa bati usije ukautafuna. Waya wa hasi aliufunga kwenye bodi ya gari, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Akimkabidhi gari, alimpa agizo moja: ukitaka kuongeza kitu, rudi kwangu, na fyuzi ikiungua, usiweke nyingine kabla ya kujua imeungua kwa nini.

Mbelwa hakurudi. Aliongeza spika mbili nyingine kwa mikono yake mwenyewe, akapitisha waya wa pili katika tundu lile lile. Tundu likawa dogo, akaung'oa mpira akautupa. Wiki hiyo hiyo fyuzi iliungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Ya tatu vilevile. Badala ya kuuliza, alizunguka mji mzima akisema Hiza anauza fyuzi feki, tena ni fundi wa moyo mdogo, anayefunga muziki kwa kuhofia kelele. Akampachika jina: Fundi Fyuzi. Hiza alilisikia jina hilo dukani, akalisikia msikitini watu wakivua viatu, akalisikia hata nyumbani, mkewe alipolitamka kwa utani kisha akajuta. Kazi safi ya siku mbili ikawa kichekesho, na aliyeiharibu ndiye aliyekuwa akichekesha watu. Lipo lipi linalochoma kuliko hilo?

Ikafika harusi ya mpwa wa Mbelwa. Alasiri msafara ulipita mbele ya kibanda cha Hiza, pikapu ikiongoza, na ndani, kando ya dereva, ameketi mama mzazi wa Mbelwa, Bi Mwanjaa, ambaye miguu yake haikumruhusu mwendo mrefu. Mbele ya kibanda muziki ukakatika. Mbelwa alishuka, akafungua boneti, akaichomoa fyuzi iliyoungua akaitupa chini. Kisha akatoa msumari mfukoni, akaukaza mahali pa fyuzi. Besi ikarudi, mabati ya vibanda yakatetemeka, wanawake wakapiga vigelegele.

Hiza alitoka akasimama mbele ya gari.

"Mteremshe mama," alisema.

"Nani kakualika, Fundi Fyuzi? Ondoa kivuli chako njiani."

"Fyuzi imeungua mara nne. Kila ilipoungua ilikuokoa, wewe ukaitukana. Msumari hauungui, Mbelwa. Kitakachoungua ni gari."

"Wivu huo. Rudi kibandani, kafukize fyuzi zako."

Watu waliangua kicheko. Shetani alimnong'oneza Hiza apishe tu njia, moto umsemee. Ungemsemea vizuri kuliko ulimi wake. Lakini nyuma ya kioo alikuwepo mama wa watu. Akazunguka mpaka dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie, ni nini hiki ninachonusa? Ubani wa harusi hauna harufu ya plastiki."

"Ni waya, mama."

"Basi nishike mkono. Mwanangu alipewa masikio, pua akanyimwa."

Mbelwa alifoka, lakini nani atamfungia mama mlango? Hawajafika ng'ambo ya barabara, moshi mweusi ukafumka chini ya usukani. Dereva akaruka. Watu walimwaga mchanga kwa ndoo na kwa sufuria za harusi, na moto ulipozima, sehemu yote ya mbele ilikuwa majivu. Kile kiti cha Bi Mwanjaa kilibaki springi tupu.

Na hapo, kanzu ikiwa na masizi, Mbelwa alimnyooshea Hiza kidole. "Fundi wa gari hili ni wewe. Wewe ndiye uliyefunga moto ndani yake."

Hiza alichukua koleo, akauchomoa msumari kwenye mabaki. Ulikuwa mweusi, lakini mzima, umenyooka. Kisha akainama mavumbini akaiokota ile fyuzi iliyotupwa. Akaviinua vyote viwili mbele ya watu.

"Hii iliungua, gari likabaki. Huu umebaki, gari limeungua. Sasa mtamwita nani feki?"

Bibi harusi, ambaye pikapu hiyo ndiyo ingemchukua, ilibidi apelekwe kwa miguu, bila muziki, ila makofi. Kabla hawajafika mbali, sauti moja ya mwanamke iliyakunja maneno ya Hiza yakawa kibwagizo: fyuzi ikiungua, gari haliungui. Wengine wakaitikia. Walimzunguka nacho Mbelwa mara tatu, usoni pake, na kesho yake kilikuwa kikiimbwa sokoni. Mbelwa hakuomba radhi mpaka alipokufa. Hiza naye aliliandika jina Fundi Fyuzi mlangoni pake, kwa rangi nyekundu.

"Na huyo mwanamke aliyeanzisha wimbo," dereva aliuliza, "alikuwa nani?"

Bi Namweri alipiga makofi mawili, taratibu, kama ya harusi ile, kisha akashika upawa wake. Dereva alimtazama, akatazama kizuizi. Alimwendea Shehoza, akamwamkia kwa adabu, akamwomba amwonyeshe mhimili. Walipoinama pamoja, mkono wote wa kijana ulizama ndani ya ufa.

Aliporudi kwa wenzake walimuuliza kama mzee amekubali kufungua. Akazima injini.

"Fyuzi ikiungua," alisema, "gari haliungui."