Kisimapya Yataka Vita

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa nchi.

Nchi kubwa?

Ukipiga chafya mpaka huu, unaambiwa pole mpaka ule.

Haya, sogeeni. Wa mbele akae chini, wa nyuma naye aone.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, palikuwa na nchi iitwayo Kisimapya. Ilikuwa changa. Changa kweli. Ilikuwa na miaka mitatu tu, umri wa mtoto anayejifunza kuvaa kandambili. Ilikuwa na bendera yake. Ilikuwa na wimbo wake wa taifa wenye beti nne, ingawa ubeti wa tatu hapakuwa na mtu aliyeukumbuka, kwa hiyo wakifika hapo wote waliweka mkono kifuani wakaguna mm, mm, mm, mpaka ubeti wa nne. Na ilikuwa na mkuu wake, mwanamke mfinyanzi aitwaye Mwanakombo.

Mtaniuliza, mfinyanzi aliupataje ukuu? Wanaume tisa waliutaka ukuu. Kila mmoja aliwakataa wanane. Walibishana siku nne, na siku ya nne Mwanakombo akapita kuwaletea mtungi waliouagiza. Wakamwambia, "Bibi, kaa kwenye kiti hiki kidogo, tupatane." Akakaa. Hadi leo hawajapatana.

Basi Mwanakombo aliongoza vizuri tu. Mtama ulimea. Kisima kilitoa maji. Na ng'ambo ya kijito, kijito chenyewe cha kulowesha vifundo vya miguu, palikuwa na majirani zao, nchi ya Mbugani. Huko ndiko alikoolewa Riziki, dada yake Mwanakombo, na alikuwa na watoto saba.

Ijumaa moja asubuhi watu walikusanyika kupandisha bendera. Wakaimba. Wakafika ubeti wa tatu. Mm, mm, mm. Mara jogoo mwekundu wa Mbugani akaruka kijito, akaruka ua, akaruka vichwa vya watu, akatua juu ya mlingoti. Akawika. Halafu akafanya jambo jingine juu ya bendera, ambalo silisemi kwa kuwa naona humu kuna wanaokula.

Watoto walicheka. Wazee walicheka. Mwanakombo mwenyewe alijiuma mdomo, mabega yakimtikisika. Lakini watu watatu hawakucheka.

Wa kwanza alikuwa Fundi Mshangama, mhunzi. Alikuwa amefua majembe mpaka kila mtu anayo mawili, na sasa hana la kufua. Wa pili alikuwa Shebe, mpiga baragumu wa taifa. Kwa miaka mitatu alikuwa amelipuliza baragumu mara mbili tu, siku ya uhuru na siku mbuzi wa mtu alipopotea. Wa tatu alikuwa Mwalimu Burhani, mwandishi wa historia ya taifa. Alikuwa na kitabu kinene kama mto wa kulalia, na ndani yake ukurasa mmoja na nusu. Ule wa nusu ulihusu yule mbuzi.

Watatu hao wakaenda barazani kwa Mwanakombo.

"Bi Mkuu," alisema Mshangama, "tumetukanwa."

"Na nani?"

"Na Mbugani."

"Mimi nimeona jogoo."

"Jogoo hatoki kwao asubuhi yote hiyo bila kutumwa," alisema Shebe.

Mwalimu Burhani akakohoa, akafungua kitabu chake. "Bi Mkuu, nchi zote zenye heshima zimepigana vita. Sisi tumepigana na nani? Watoto darasani wananiuliza. Sikukuu tunayo moja. Sanamu hatuna hata ya kusingizia. Tutamchongea nani sanamu, na hakuna aliyekufa?"

Mwanakombo akamtazama. "Wewe ungependa afe nani, Mwalimu?"

Burhani akatazama makuti ya paa. "Hao watajitolea wenyewe," alisema.

Mwanakombo akakataa. Wakaondoka.

Siku ya pili wakarudi, na nyuma yao watu thelathini. Maana walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, na jogoo alikuwa ameongezeka njiani. Sasa walikuwa majogoo kumi.

"Bi Mkuu, tumetukanwa."

Mwanakombo akakataa.

Siku ya tatu ikaja nchi nzima. Majogoo walikuwa mia, wamevishwa kucha za chuma, na kuna mwanamke aliyeapa kwamba mmoja amemwita kwa jina. Vijana walikuwa wamechukua nyungo za mama zao wakazifanya ngao, na Fundi Mshangama alikuwa amewafulia mikuki na kuwafundisha kuirusha. Wakaimba, "Vita ndiyo heshima, vita ndiyo heshima." Na sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Yule dada yake yuko kule. Moyo wake nusu uko huku, nusu uko kule. Mwanamke ataogopa tu."

Maneno hayo yalimchoma Mwanakombo. Yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Aliogopa. Aliwatazama wale vijana mmoja mmoja. Akamwona Hatibu, mwenye jicho moja lisiloona vizuri, aliyewahi kumwamkia ng'ombe shikamoo. Akafikiria Hatibu akikimbia na mkuki kuelekea kwa watoto saba wa Riziki. Na alijua kwamba akikataa mara ya tatu watamwondoa kitini, na wale wanaume tisa watapatana siku hiyohiyo.

"Vizuri," alisema. "Vita vipo."

Vijana wakashusha nyungo. Hata wao hawakutegemea.

"Lakini sisi sasa ni taifa. Hatuwezi kwenda kama watu wanaogombania foleni ya kisimani. Vita vina taratibu zake. Nitakwenda mwenyewe kuvitangaza, nikirudi nitawaambia vinaanza lini."

Akajifunga kanga, akavuka kijito.

Kule Mbugani alikuta ngao. Nazo zilikuwa nyungo. Alikuta watu wanaimba kwamba vita ndiyo heshima, na wimbo wao ulikuwa mzuri zaidi, maana walikuwa na ngoma. Akauliza alipo mkuu wao, Bwana Mboje. Mke wa Mboje akamwonyesha kwa kidevu ghala la mtama. Mwanakombo akainama, akaingia. Bwana Mboje alikuwa amekaa juu ya gunia, magoti yamegusa kidevu.

"Shikamoo, kaka," alisema Mwanakombo.

"Marahaba, dada. Umekuja kunitangazia vita?"

"Ndiyo, kaka."

"Wewe una adabu. Wa kwangu wangerusha mawe tu." Akasogea, akampisha kwenye gunia. "Jogoo wetu mmemfanya nini? Wanasema mmemchukua mateka. Wanasema mnamtesa."

"Yuko juu ya mlingoti. Amekataa kushuka. Tunamrushia mtama."

Bwana Mboje akashusha pumzi. "Nimewaambia atarudi. Hawasikii. Kuna mnoa visu, kuna mpiga ngoma, kuna mtunga mashairi. Tangu Ijumaa sijala kwa raha. Kila nikifungua mlango wapo."

"Wako watatu tu?"

"Watatu wanatosha."

"Hata mimi ninao watatu," alisema Mwanakombo.

Wakakaa wakila punje za mtama mbichi. Kisha Mwanakombo akaanza kuongea polepole, na Bwana Mboje akaanza kucheka, na mtama ukampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Waliyoyasema mengine sikuyasikia, ghala lilikuwa limefungwa.

Mwanakombo akarudi kwao. Nchi nzima ikamzunguka.

"Mbugani wamekubali vita," alisema. "Vitaanza mtama ukishavunwa. Ila kwanza kuna kuwekeana amana. Kila upande unapeleka kwa mwenziwe watu wake wenye heshima kupita wote, wakae huko kama wageni mpaka siku ya vita, ili pasiwe na wa kuanza mapema. Nimewaza nani apelekwe. Nimewaza wale wazee tisa."

Fundi Mshangama akajitokeza mbele. "Wale tisa wana heshima gani? Vita hivi nani kavianza?"

"Baragumu la taifa ni la nani?" alisema Shebe.

"Mimi ndimi historia," alisema Mwalimu Burhani, na akamsukuma Shebe kidogo kwa kiwiko.

Mwanakombo akajifanya anasita. Akasema hapana, mtaumia na safari. Wakasema safari gani, ni kijito. Akasema mtakosa chakula mlichozoea. Wakasema watavumilia kwa ajili ya taifa. Akasema basi, kama mmeng'ang'ania, mimi ni nani hata niwazuie. Watu wakawasindikiza kwa vigelegele, na kijitoni wakapishana na mnoa visu, mpiga ngoma na mtunga mashairi wa Mbugani, nao wamevimba vifua, wanakuja upande huu. Wakasalimiana kwa baridi, kama mahasimu.

Wageni wa heshima walipewa nyumba ya heshima. Ilikuwa nyumba ya kwanza kabisa ukivuka kijito, mlango umetazama Kisimapya, na paa lake la nyasi zilizokauka sana. Upande wa pili ilikuwa vilevile.

Asubuhi Mshangama akafungua mlango apunge hewa. Ng'ambo akawaona vijana wa Kisimapya wakifanya mazoezi. Walikuwa wamebeba mikuki. Ile mikuki aliifua yeye. Walikuwa wanairusha kuelekea Mbugani, kama alivyowafundisha yeye. Na kitu cha kwanza kilichokuwa Mbugani kilikuwa yeye.

"Hatibu," aliita, "mwanangu, geukeni upande mwingine."

Hatibu akasikia anaitwa, akamjibu kwa kurusha. Mkuki ukapita juu ya kichwa cha fundi, ukapita mlangoni, ukasimama katikati ya sufuria ya uji ambayo Riziki alikuwa amewaletea. Mwalimu Burhani alikuwa ameshika upawa. Alibaki ameushika hadi adhuhuri.

Siku hiyo wakaandika barua ya kwanza. Mwanakombo akaisoma mbele ya watu wote, chini ya bendera. Ilisema, "Vita viahirishwe kidogo, mtama haujakauka vizuri."

Wiki ya pili ikaja barua ya pili. "Tumefikiri upya. Yule jogoo, ukimtazama kwa utulivu, ni ndege."

Wiki ya tatu ikaja barua ya tatu, mwandiko wa Mwalimu Burhani, herufi zote zinatetemeka. "Amani ndiyo heshima. Tafadhali mwambieni Hatibu."

Na kila asubuhi, kabla ya mazoezi, Shebe alipuliza baragumu kwa nguvu zake zote, ili kila mtu ajue kuwa ndani kuna watu. Hakuwahi kupuliza namna ile maishani. Upande wa pili mpiga ngoma wa Mbugani alimjibu, naye kwa sababu ileile. Wakajibizana mpaka watu wakaanza kucheza. Mtunga mashairi aliyekuwa Kisimapya alituma kwao utenzi wa beti arobaini kuhusu uzuri wa ujirani, na Bwana Mboje akausoma wote, mpaka mwisho, bila kuruka hata mstari.

Watu walicheka. Mwanzo walicheka kwa kujificha, halafu hadharani. Na mtu akishacheka vile, ni kazi kumrudisha kwenye hasira. Akina mama wakadai nyungo zao. Vijana wakazirudisha, nyingine zina matundu, wakasutwa jioni nzima.

Mtama ukavunwa. Siku ya vita ikafika. Mwanakombo akasimama, akasema, "Leo ndiyo leo. Anayekwenda vitani asimame huku kulia."

Kila mtu akamtazama mwenzake.

Mzee mmoja akasema bado hajamaliza kupura. Mwingine akasema mguu. Hatibu akasimama kulia, lakini ilionekana alidhani ni kushoto, akasogezwa.

Wageni wa heshima wakabadilishana tena kijitoni, na safari hii walikumbatiana. Mwalimu Burhani alilia waziwazi. Fundi Mshangama peke yake hakurudi. Mbugani kumbe kila mtu alikuwa na jembe nusu, na kulikuwa na mjane mmoja aliyependa jinsi anavyopuliza moto. Akabaki.

Siku hiyo watu wakatawanyika. Akabaki mwanamke mmoja, muuza maandazi aitwaye Chausiku, ambaye siku zile za hasira alikuwa nyuma kabisa ya umati. Alimsogelea Mwanakombo, akawa hana pa kuweka macho.

"Bi Mkuu, mimi ndiye niliyesema utaogopa."

"Niliijua sauti," alisema Mwanakombo.

"Nisamehe. Hukuogopa."

Mwanakombo akamshika mkono, akamkalisha kando yake barazani. "Niliogopa, mwenzangu. Nilivyokwenda kule nilivaa kanga tatu ili magoti yasionekane yanavyogongana. Tatu, na jua lile."

Chausiku akamtazama aone kama ni mzaha. Hakuona mzaha. Wakakaa hapo wote wawili mpaka mmoja wao akaanza kucheka, na mwenzake akamfuata.

Ngano yangu naitua hapa, mzigo ulikuwa mzito na shingo imechoka. Mliocheka, kicheko ni chenu. Mlionyamaza, nanyi nimewaona.

Imeisha?

Imeisha.

Basi nipisheni, nikanyooshe miguu.