Zana Zilizong'arishwa Kabla Chifu Hajafika

"Msugua kwa hofu hufuta shahidi wake." Mmeisikia jana, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Si ya kuchekwa, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani Taita alikuwepo mama mmoja, Wakesho, na mwanawe Mwasaru, seremala. Kijana huyu alikuwa na ugonjwa wa kukusanya zana kuukuu zilizotoka Marekani: randa, keekee, nyundo, misumeno. Akisikia kuna sanduku la zana limeachwa na marehemu fulani, huyo keshafika kuuliza. Akirudi na chuma kilicholiwa na kutu, hukifuta kwa mafuta ya taa, taratibu, mpaka herufi zitokee.

"Ona, mama. Jina la kiwanda na mji wake. Hii ina miaka themanini."

"Na pepopunda ina miaka mingapi?" Wakesho humjibu, na kurudi jikoni.

Siku moja, Mwasaru akiwa kazini Mwatate, habari zikafika kwamba chuo cha ufundi kimevunjwa na zana zimeibwa. Chifu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Zana za chuo, watu wakasema, zimepigwa herufi kwenye chuma.

Wakesho akatoka jikoni mbio. Akaingia karakana ya mwanawe, akaona herufi kila mahali. Kiingereza hakukijua, alijua tu kwamba herufi ni herufi, na mwanawe ni mmoja. Akatia zana tano kapuni, akakimbilia kwa Kilambo mwenye jiwe la umeme la kunolea.

"Nizitie makali?" Kilambo akauliza.

"Toa maandishi."

"Mama Mwasaru, mwenyewe anajua?"

"Wewe washa mashine, baba."

Alasiri chifu akaja na mwalimu wa chuo. Mwasaru naye ndiyo kwanza anaingia. Mwalimu akaishika randa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Yetu nayo ni ya Marekani, aina hii hii," akasema. "Tofauti ni herufi za chuo. Na hapa zimesagwa leo leo."

Mwasaru akataja kiwanda, mji, hata mwaka.

"Mji hata mimi naweza kuutaja," chifu akasema. "Nionyeshe palipoandikwa."

Mwasaru akamtazama mama yake. Ndipo alipofahamu.

"Nimezitoa mimi," Wakesho akasema. "Niliogopa."

"Kila mama husema ni yeye," chifu akajibu, akamshika kijana mkono.

Mwasaru alilala selo siku kumi na moja, mpaka zana za chuo zilipopatikana kwingine. Alirudi amekonda, na wateja wake walikwisha kumpa kazi fundi mwingine. Hakumwambia mama yake neno la kulaumu, wala la kumtia uchungu. Lakini Wakesho hakupata usingizi mwema mwaka ule wote.

Mwezi uliofuata kulizuka habari kwamba mtu amekatwa panga sokoni. Wakesho akamkuta jirani yake Mghoi anafua koti la mwanawe mbiombio, beseni limejaa povu.

"Lina damu," Mghoi akanong'ona. "Alichinja mbuzi harusini kwa kina Mwakio. Nani ataamini?"

Koti lilikuwa bado na manyoya ya mbuzi mikononi. Wakesho akaingiza mkono kwenye povu, akamshika kifundo cha mkono.

"Liache hivyo hivyo, mwenzangu. Msugua kwa hofu hufuta shahidi wake."