Dawa Iliyovuka Masale

Siku josho la ng'ombe lilipozinduliwa kule mlimani, mwanamke aitwaye Nakunda aliuliza swali moja tu: dawa ikishachoka, mtaimwaga wapi? Watu wakageukia sahani. Nyama ilikuwa imeiva na watu walikuwa na njaa.

Mwenye josho alikuwa Mzee Elinaja wa kijiji cha juu. Josho lilikuwa jema, na anayebisha hajawahi kufukia ndama watano kwa mwaka mmoja. Ng'ombe waliingia upande huu, wakaogelea ndani ya dawa, wakatokea upande wa pili bila kupe. Watu wa kijiji cha kati, alikoishi Nakunda, nao walipeleka mifugo yao. Maziwa yakaongezeka. Mwishowe kaka yake Nakunda akajenga josho lake.

Lakini dawa ya josho huchoka kabla sumu yake haijaisha. Kila mwaka Elinaja aliizoa pamoja na tope lake, akaimwaga katika shimo la udongo nyuma ya boma. Kisha akalizungushia masale, ile mimea ya majani marefu. Katika nchi ile masale ndiyo mpaka. Mtu akiyaona hasogezi hata jembe upande wa pili. Elinaja akahesabu jambo limekwisha.

Mwaka wa tatu, Nakunda alikuta vyura wamekufa, wanaelea kwenye chemchemi ambako wanawe walikunywa maji. Akapanda mlima siku hiyohiyo.

"Shikamoo, mzee. Naomba nilione shimo lako."

"Marahaba, binti yangu. Kwani mimi huja kwako kufunua sufuria?" Wazee waliokaa naye wakacheka. "Masale yale pale. Nani ameyavuka?"

"Dawa imeyavuka, mzee."

Elinaja hakuwa mjinga; akatafuta pa kumshika, akapaona. "Na shimo la kaka yako huko chini, umeshalikagua? Au sumu ya ndugu ni maziwa?"

Nakunda alishuka na hasira, hasa kwa sababu mzee alisema kweli. Shimo la kaka yake lilikuwa la udongo vilevile, na chini yake kilikuwepo kijiji cha tatu, nacho kina watoto. Angeweza kunyamaza. Angeweza kurudi na matusi. Kesho yake alipanda tena, akasema, "Mzee, njoo uanze na letu."

Hapo ndipo mzee aliponaswa. Alishuka na fimbo yake, akaona maji ya dawa yanachuruzika ukingoni, akawatangazia watu waliokusanyika, kwa furaha isiyo na haya. Kaka mtu akanuna siku nzima. Sasa niambie: mtu aliyechungulia shimo la mwenzake mchana kweupe, mbele ya watu wa vijiji vitatu, atalifungaje la kwake? Saa kumi wote walikuwa nyuma ya boma la Elinaja, na masale yakasogezwa.

Wakakubaliana. Sumu ya zamani ikachimbuliwa, ikahamishiwa kwenye mashimo ya mawe na saruji, mbali na chemchemi, na watoto wa Nakunda wakachota kwingine mpaka maji yalipopona. Mkaguzi wa kila shimo alitoka kijiji kinachokunywa maji ya chini yake, kwa kuwa huyo hawezi kusinzia. Kijiji cha tatu kilipojenga josho lake na shimo likapata ufa, waliofika kwanza na saruji walikuwa watu wa Elinaja. Siku hizi ng'ombe wananenepa, chemchemi ni safi, na mkaguzi akichelewa ni mzee mwenyewe anayefoka: "Mwambieni aje, au anadhani sisi tuna muda wa kuchezea?"

Nchi zinazozalisha umeme kwa nyuklia zina mashimo ya namna hiyo, na sumu yake huwazidi umri walioyachimba na wajukuu zao. Udongo, upepo na maji havisomi ramani. Basi siku wakaguzi wa nchi nyingine watakapokuja kutazama vinu vyetu na mabaki yake, na bwana mmoja akasimama mkutanini kupiga kelele kwamba tumedharauliwa, nakuomba umwambie akae.