Wasalaam ya Bwana Mkwizu

"Mfuta mstari huandika jina lake." Mmeusikia msemo huo leo asubuhi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nani aliyeutunga. Hakuna aliyekaa chini akautunga. Methali hii ilianza hivi.

Mkwizu alikuwa fundi mkuu wa programu katika ofisi moja ndogo mjini Morogoro, na kwa miaka sita hakuna aliyesifiwa kuliko yeye. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba kila anayegusa programu aandike amebadilisha nini na kwa nini, katika kumbukumbu isiyofutika. Maelezo yake mwenyewe aliyaandika kama barua, kila mara akimalizia "Wasalaam". Wenzake walimtania mpaka wakachoka.

Kisha akaja Tunu. Binti huyo alitengeneza programu ya kukadiria dozi za watoto katika zahanati, na mkurugenzi akatangaza kwamba wauguzi wakiikubali, Tunu ndiye atakayeongoza mafundi wote. Mkwizu alitabasamu na kumpa mkono, lakini kijiba cha roho kilimshika. Kicheko tu cha Tunu kilimchoma.

Siku ya majaribio, Tunu alipokwenda kula mchana, Mkwizu aliketi kwenye kompyuta ya binti huyo akafuta mstari mmoja tu wa programu, ule unaoonya dozi inapozidi. Alijua kumbukumbu itaonyesha jina la Tunu, maana kompyuta ilikuwa ya Tunu. Kumbukumbu ikadai sababu. Akaandika haraka, akaondoka akijiona mjanja.

Wauguzi walipofika, mmoja akaingiza dozi ya mtu mzima kwa mtoto mchanga. Programu ikanyamaza. Mkwizu akasikitika kwa sauti kwamba alishasema, binti bado mbichi.

Tunu akafungua kumbukumbu na kuisoma mbele ya wote: "Nimeondoa mstari usiohitajika. Wasalaam."

Macho yote yakamgeukia Mkwizu.

"Kaka Mkwizu," Tunu akasema, "mstari wangu naurudisha sasa hivi. Wewe utarudisha nini?"

Mstari ukarudi, programu ikaonya, na uongozi ukaenda kwa Tunu siku ile ile. Mkwizu akabaki fundi kama wengine, na tangu hapo hakumalizia tena maelezo yake kwa salamu.

Jina alilotaka lionekane lilikuwa la mwenzake. Lakini mfuta mstari huandika jina lake.