Shangwe Aliyowekewa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na taa!
Inawaka?
Ilikuwa inawaka sasa hivi tu!

Haya, sogeeni. Na wewe Siwema, acha kumfinya mwenzio, la sivyo hadithi naimeza na chai yangu.

Hapo kale, wala si kale sana, wanyama wa mji mdogo wa Chemchele walijenga mtambo wa umeme kwenye maporomoko. Walichimba mfereji kwa msaragambo, wote pamoja, wenye kwato na wenye kucha. Maji yakashuka, mtambo ukazunguka, vuuu! Taa zikawaka. Swichi kubwa wakamkabidhi Kiboko ailinde. Mto ni wake, na nani angebishana naye?

Siku moja majani yakaziba mfereji. Kiboko akazima, kwachu! Akayatoa. Akawasha, kwachu! Mji mzima ukapiga kelele: "Umerudiiii!" Mnajua wenyewe tunavyopiga. Hata mgonjwa aliyelala hujiinua akapiga.

Kiboko akasikia kule mtoni. "Lo! Wananishangilia mimi!"

Tangu hapo hakukuwa na majani wala nini. Anazima, kwachu! Anawasha, kwachu! "Umerudiiii!" Anacheka mpaka maji yanamwagika ukingoni. Anazima tena. Tumbo lina shibe jamani, sifa hazina.

Sasa kulikuwa na Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia wala cheo. Mkewe, Sikudhani, alikuwa kinyozi. Alikuwa na mashine ya umeme, inalia zzzz, mnyama anatoka ananukia. Siku moja anamnyoa Nyumbu, kafika nusu, kwachu! Mashine kimya. Nyumbu akaenda kuposa na ndevu za upande mmoja. Wakwe wakamfukuza.

Chekeni tu. Sikudhani hakucheka. Alikunja vitambaa vyake akasema, "Mume wangu, nakupenda, lakini kazi yangu inakufa naiona. Naenda mji wa mbali. Umeme ukitulia, nitarudi."

Kila jioni akawa anapiga simu kuuulizia huo umeme.

"Upo?"

"Ulikuwepo."

"Basi bado nipo huku."

Kesho tena. "Upo?" "Ulikuwepo." Pimbi akipika, anapakua sahani mbili, halafu anaikumbuka ile ya pili na chakula hakipiti tena. Alimtamani mkewe mpaka akawa ananusa vile vitambaa alivyoviacha. Msimcheke. Yatawafika.

Ndipo Pimbi akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, umeme ukirudi, kimya. Mwenye kukohoa akohoe ndani ya blanketi."

Kiboko akawasha, kwachu! Kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Akatoka majini, puu! puu! puu! mpaka kwa Pimbi.

"We Pimbi! Wamekufa wote?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona hawanishangilii?"

"Ee, kumbe hujaambiwa? Wanakuwekea akiba. Wamesema kumshangilia mtu mzima kama wewe kwa rejareja ni kumvunjia heshima. Wanakuandalia shangwe moja, ya jumla."

Kiboko akameza mate. "Lini?"

"Taa zikiwaka bila kuzimika, shangwe inakua. Ukizima tu, wanaanza kuichanga upya."

"Na nitajuaje imeiva?"

"Mzee, utaisikia mwenyewe."

Kiboko akarudi mtoni, akakaa mbali na swichi kwa kuogopa mkono wake mwenyewe. Akaacha masikio juu ya maji, yanacheza-cheza, yanangoja. Mpaka leo, mkimwona, yako vilevile.

"Upo?"

"Upo."

Kesho: "Upo?"

"Upo."

"Bado upo?"

"Upo, mke wangu. Njoo."

Sikudhani akashuka kwenye basi pale sokoni, mashine yake kaikumbatia. Pimbi akamwona. Kifua kikamjaa, akafungua mdomo apige ukelele wa kupasua mawe. Soko zima likamkodolea macho. Mama Kanga akamkamata bega: "Pimbi, usithubutu! Akisikia, atajua imeiva. Atarudi kwenye swichi!"

Pimbi akaung'ata mkono wa shati lake. Machozi yakamtoka chururu.

"Mume wangu," Sikudhani akauliza, "hukufurahi kuniona?"

"Nimefurahi mpaka mbavu zinauma," Pimbi akanong'ona. "Ila hapa kwetu, siku hizi, tunafurahi kimyakimya. Harusi hazina vigelegele. Mtoto akizaliwa, tunapungiana mikono."

Sikudhani akatazama taa zote zile zinazowaka, na wanyama wote wale waliobana midomo. Akamshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani bila neno.

Hadithi yangu nimeizima hapo. Wa kuiwasha aiwashe.

Funzo? Funzo ni kwamba msiwadanganye wakubwa wenu. Mkubwa akizima, ana sababu zake. Na umeme ukirudi, wanangu, pigeni kelele kwa nguvu zenu zote, maana kushukuru hakujamdhuru mtu.